Sufuria Iliyotetema

Tangu afanye mtihani wa leseni ya uuguzi, binti mkubwa wa nyumba ile hakuacha mkono wa mtu upite. Ukimpa mkono kumsalimu tu, vidole vyake viwili vimeshatafuta mapigo ya moyo, macho yake yameganda kwenye saa ya ukutani, midomo inahesabu kimyakimya. Mjomba wake alipimwa mara tatu kabla ya chai ya asubuhi, hadi akaanza kumsalimia kwa mbali, mikono mfukoni. Simu yake mwenyewe binti aliifungia ndani ya sufuria, eti isimtie presha ya kusubiri matokeo, kisha kila dakika akafunua mfuniko kama mpishi anayeogopa kuunguza.

Ijumaa mchana sufuria ikatetema.

“Mjomba, nisomee wewe. Mimi siwezi.”

Mjomba, ambaye miwani yake haonekani nayo ila msibani, akaishika simu mbali na uso. “Tunapenda kukujulisha kuwa ume... umef...”

“Nimefeli!”

“Hebu tulia! Umefaulu. Umefaulu, mama!”

Binti akaketi sakafuni katikati ya viatu vya watu.

“Mjomba,” akanong’ona, “naona kizunguzungu. Niitie nesi.”

Mjomba akageuka kushoto, akageuka kulia. “Nesi gani tena? Si ndiye wewe!”