Makofi Kabla ya Maneno

Mpaka leo nikimsikia mtu akisema "itifaki imezingatiwa" mkono unaniwasha nimrushie kiatu.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni nilipoandika tamthilia ya mama yangu. Baba alipofariki, ndugu zake walisubiri arobaini. Wakaitikia dua, wakala pilau, wakanawa mikono, kisha mkubwa wao akatangaza kwamba nyumba ya Tegeta ni mali ya ukoo na dalali yuko nje. Mama, aliyekuwa bado yumo edani, hakusema neno. Tukahamia chumba cha kupanga kule Wazo.

Nyumba ilimuuma, lakini ukimya wake ulimuuma zaidi. Maneno alikuwa nayo. Aliyasema peke yake miaka yote, akichambua mchele: "Maji ya kukorogea zege la msingi huu nimeyateka mie, na mimba ya miezi saba tumboni. Nani kati yenu alikuwepo?" Sitaficha, nilimdharau. Mara ngapi nilimuuliza aliwezaje kunyamaza, naye akaendelea na mchele wake. Nilipomwambia kwamba maneno hayo nitayapandisha jukwaani, na mjane nitamwigiza mimi mwenyewe, aliuliza kitu kimoja tu.

"Utayasema yote?"

Nikamwambia yote.

Tulifanya mazoezi miezi miwili. Nilijiona fundi. Kabla ya maneno yale niliweka kimya kirefu: mjane anawatazama mashemeji mmoja mmoja, watazamaji wanaanza kuhangaika kwenye viti, ndipo anafungua kinywa. Kimya kile nilikipenda kuliko tamthilia yenyewe.

Kwa chuo sisi tulikuwa burudani. Ndivyo tulivyoandikwa kwenye ratiba ya sherehe iliyobandikwa mlangoni mwa ukumbi, "Burudani", kati ya utambulisho na hotuba. Mlezi wa kikundi chetu, mhadhiri aliyekuja mazoezini mara mbili na mara zote mbili akatoka nje kupokea simu, alisisitiza jambo moja: tusithubutu kuanza kabla ya mgeni rasmi.

Mgeni rasmi alikuwa mkubwa fulani wa serikalini ambaye, naweza kuapa, hajawahi kutazama mchezo wa kuigiza kwa hiari yake. Alitarajiwa saa nane mchana. Aliingia saa kumi na nusu, tumbo mbele, na hakuomba radhi. Mama alikuwa amekaa pale tangu saa saba na dera lake jipya, safu ya nne, kwa kuwa safu za mbele zilikuwa za waliofuatana na meza kuu. Meza yenyewe ilivikwa satini na kupangwa maua ya plastiki. Ukaanza utambulisho. Kila aliyetambulishwa aliomba naye awatambulishe aliokuja nao. Walisimama, wakapunga, wakakaa. Hata dereva alisimama akapunga.

Mlezi akaja nyuma ya pazia. "Nyie, fupisheni. Mgeni ana majukumu mengine."

Tukakata maonyesho matatu kati ya sita. La mwisho nilikataa lisiguswe.

Tukalifikia. Nikasimama mbele ya mashemeji na nguo yangu nyeupe ya eda, nikanyamaza. Ukumbi mzima ukatulia, hata ile meza. Nikamwona mama ameinama mbele, midomo yake imeshaanza kucheza.

Mshereheshaji, bwana mmoja mwenye suti inayong'aa na kichwa kitupu, alisikia kimya, akatazama saa yake, akadhani tumemaliza.

"Makofi kwa wasanii wetu! Sijasikia! Makofi!"

Na wale wajinga wakapiga makofi. Muziki ukafunguliwa.

Mgeni rasmi akashika kipaza sauti. Akasema amejifunza mengi. Akasema mjane yule ni mfano kwa akina mama wote wa nchi hii, maana amenyang'anywa kila kitu na hakufungua mdomo, ameilinda heshima ya familia. "Yuko wapi huyo binti? Asogee."

Nikasogea. Mlezi akanipachika mikononi zawadi ya kumkabidhi, picha ya twiga kwenye fremu. Mgeni rasmi akanielekezea kipaza sauti, kikawa karibu kabisa na kinywa changu. Ukumbi ukatulia tena. Nikapiga goti, nikasema, "Asante sana, mheshimiwa." Tukapigwa picha.

Ningeweza kusema nilipigwa na butwaa. Uongo. Mlezi ndiye aliyekuwa anasahihisha kazi yangu ya mwaka wa mwisho, na alikuwa ananitazama. Niliogopa, basi. Kuwadharau wale watu hakujawahi kunichosha, lakini aliyepiga goti ni mimi.

Mama alinisubiri nje ya ukumbi. Nikaanza kumtukana mshereheshaji, nikamtukana mlezi, nikamtukana mgeni rasmi na dereva wake. Mama aliniacha nimalize. Kisha akashika ncha ya mtandio wake, akanifuta wanja uliokuwa umevujia mashavuni, taratibu, kama hana haraka ya kurudi Wazo.

"Ulikuwaga unaniuliza nilinyamazaje siku ile," akasema. "Ndo hivyo, mwanangu."