Gari Lililopimwa kwa Kilima

Aprili 1974 nilimpoteza mume wangu kwenye mteremko wa kwenda Keroka, breki za pikapu yetu kuukuu zilipokosa kushika. Kwetu gari la zamani lilipimwa kwa kilima. Alipolinunua alilijaza ndizi, akalipandisha kutoka mtoni hadi kanisani bila injini kuzima. Majirani wakashangilia, "Hili ni dume!" Hakuna aliyelijaribu kushuka.

Baada ya matanga, mnunuzi alikuja kutoka Nyansiongo kuliangalia gari, lililokuwa limerudishwa nyumbani na kutengenezwa bodi. Nilitaka sana liondoke uani, watoto waache kuliangalia.

"Pole, mama. Linapanda?"

"Linapanda sana, baba. Lilimuua likishuka."

Shemeji yangu alinikanyaga mguu ninyamaze. Mnunuzi alivua koti, akalala chini ya gari, akaanza kukagua breki.