Afisa Uhusiano Aliyenyimwa Kahawa

Bado nina hasira. Binti wa kaka yangu ni afisa uhusiano wa chama chetu cha kahawa. Jana alitoka Bukoba mpaka hapa Kaagya kutuambia kwamba lori la kubeba kahawa limeharibika, tusipeleke magunia barabarani. Jirani yangu akamkatiza: "Wewe binti, kazi yako si kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa na kupiga picha? Piga basi, uende!" Watu wakacheka. Mgeni kwetu hupewa kahawa ya kutafuna. Yeye hakupewa hata punje. Kwa haki niseme, chama kimewahi kutudanganya, na hata mimi nilicheka kidogo. Lakini mtu wa kupaka wenzake mafuta huja mwenyewe kuleta habari mbaya? Leo magunia ya jirani, aliyoyatoa hata hivyo, yamelowa mvua kando ya barabara, naye analalamika kwamba binti hakusema kwa nguvu.