Kifuniko cha Tenki ya Kukhu

Khocha Wabwile, ndugu ya mama yangu, ni fundi wa mbao hapa Kitale, na kazi yake ni majeneza. Si ati hajui kitu ingine, anajua sana. Lakini watu wakishakuzoea kwa majeneza, bana, nani atakuitisha meza? Hata mamake hawezi. Kukhu, nyanya yetu wa Chwele, anampenda huyo mtoto wake, anamtaja kwa maombi kila asubuhi, lakini kitu imetoka kwa mikono yake haijawahi kuingia kwa nyumba yake. Hata stuli. Anamwambia tu, "Papa, mwanangu, hizo mbao zako zimezoea watu wengine." Khocha anacheka. Nimemwangalia akicheka hivyo, na si kicheko.

Sasa, Kukhu ako na kidimbwi cha samaki huko chini ya boma. Kila jioni alikuwa anashuka, anakaa tu hapo akiwaangalia. Mwaka huu goti ikakataa. Akabaki kwa kiti akiangalia ukuta. Khocha alienda kumwona, akarudi Kitale, halafu nikasikia ananunua vioo vya kuunda tenki. Ati anampelekea mamake samaki ndani ya nyumba! Na stendi ya kubeba hiyo tenki ataitengeneza yeye mwenyewe, na hii moja hataki irudishwe.

Si mngeona vile aliitengeneza! Mbao mbichi ya saipras alikataa, akasema ikikauka itajipinda kioo ipasuke. Miguu akaweka pale pale chini ya kona. "Maji ni nzito kuliko mtu," akaniambia, "na mtu namjua uzito." Halafu kifuniko cha juu, cha kuficha taa na kuzuia paka. Kirefu, bawaba nyuma, kinafunguka juu. Akakizungushia urembo. Akapaka vanishi ya kahawia mpaka ikang'aa. Akafunga vishikio vya rangi ya dhahabu pande zote mbili ndio kibebeke vizuri. Mimi nikapiga picha nikaweka status. Na hakuna mtu, si mimi si yeye, aliona hapo kumetengenezwa nini.

Chwele ndio ilituonyesha. Ilikuwa siku ya soko, pickup inaenda polepole ndio kioo isipasuke, kifuniko kinang'aa huko nyuma. Watu wa boda wakapunguza mwendo, wakajipanga nyuma yetu kimya kimya. Mzee mmoja akatoa kofia. Mama wa vitunguu akashika kichwa, "Uuuwi! Ni nani sasa?" Kufika kwa Kukhu tuko na watu wa kutosha kuzika, na jirani yake Mama Phelista anagaragara kwa geti, hata hajui analilia nani.

"Ni ya samaki!" Khocha akapiga kelele. "Jamani, ni ya samaki!"

"Samaki gani anazikwa na vishikio?" boda mmoja akauliza, na watu wakaangua kicheko. Mama Phelista akaamka akipanguza sketi, amekasirika kabisa ati amelia bure.

Kukhu hakucheka. Alikuwa amesimama kwa mlango na fimbo yake.

"Wabwile. Nani amekufa kwangu?"

"Hakuna, mama."

"Basi hiyo sanduku imekuja kutafuta nani?"

Kwetu jeneza haiingii boma yenye haina maiti. Ni kama kuitisha kifo. Khocha aliangalia kifuniko chake kama ndio anakiona mara ya kwanza. Akakaa chini kwa nyasi, mtu mzima hivyo.

"Mikono ilijiendea tu, mama. Mimi nilikuwa nafikiria samaki."

Kukhu akamwangalia, akamwangalia. Halafu akasema, "Nileteeni kiti hapa nje. Na wewe leta randa."

Akakaa akiamuru. Vishikio, toa. Urembo, toa. Vanishi, piga randa mpaka mbao iwe nyeupe. "Na mbona inafunguka juu? Kitu ya kufunguka juu ni ya kulaza mtu. Ifungue mbele, kama kabati ya vikombe."

Khocha akakata mbele, akaweka milango miwili midogo.

"Huo wa kushoto umelegea."

"Aki mama, ulikuwa fundi lini?"

"Tangu nikuzae wewe. Kaza."

Ikaingia. Stendi, tenki, maji, samaki wadogo kutoka kidimbwi, na kifuniko juu kikiwa cheupe pe. Asante Kukhu hakusema. Alininong'oneza tu, "Nekesa, nenda chumbani uniletee kitambaa, ile nilishona mwenyewe." Akakitandika juu ya kifuniko, akavuta kona moja, akavuta ingine, mpaka zikalingana. Kama umewahi kuingia kwa nyumba ya nyanya wa huku unajua: kitu ikiwekewa kitambaa, hiyo imekuwa ya hapo.

Khocha akasema anaenda kuokota msumeno wake nje. Alikaa huko sana.