Tulivyomwajiri Mtu wa Ntinda Azuie Kambi Isihame

Nakumbuka siku hiyo tulikuwa watu watano na beberu mmoja, nami nitawataja wote, asije mmoja wao akasema hakuwapo. Alikuwapo Ssalongo, baba wa mapacha, mwenyekiti wa baraza la mtaa wetu na mwenye beberu. Alikuwapo Baba Furaha, fundi cherehani kutoka Bukavu, aliyekuwa akishona vifungo vya sare za askari. Alikuwapo Mama Akello, mke wa sajenti, mwenye meza ya mihogo ya kukaanga. Alikuwapo Bwana Derrick, aliyetoka Ntinda, ng'ambo ya pili ya mji, amevaa tai. Wa tano ni mimi, Kasozi, mkaanga chapati. Tuliketi uani kwa mwenyekiti, upande wa Makindye, karibu sana na kambi ya jeshi. Ukipiga chafya pale, mlinzi wa lango anakutakia afya.

Mwanangu, kabla hujanicheka, jua nilivyokuwa. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la saba, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo watatu. Niliacha shule ili wao wasiache. Mali yangu ilikuwa meza, jiko la mkaa na kikaango, mbele ya lango la kambi. Askari wakitoka mazoezini asubuhi walikula roleksi, yale mayai yanayoviringishwa ndani ya chapati, na kila roleksi kwangu ilikuwa daftari au soksi za mtoto. Kambi ikiondoka, wadogo zangu wangeondoka shuleni. Hofu hiyo nililala nayo na kuamka nayo, na mwenye hofu huona hata kisichokuwapo.

Basi Jumatatu moja nikaona malori matatu yakitoka langoni yamejaa magodoro. Nikajiambia, dalili ya mvua ni mawingu. Jeshi halibebi magodoro kwenda matembezi. Kufikia saa nne nilikuwa nimemwambia kila mnunuzi kwamba kambi inahama. Kufikia mchana mtu mwingine akaniletea mimi habari hiyo hiyo, ikiwa imenona: kambi inapelekwa mbali nje ya mji, na mahali pake patajengwa maduka ya ghorofa. Niliposikia kutoka kwake, nikaamini zaidi.

Utauliza kwa nini sikuwauliza askari wenyewe, watu niliowalisha kila asubuhi. Mwanangu, huku kwetu askari haulizwi aendako wala atokako. Unamwuliza mayai mangapi, basi. Mtoto hufundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kuhesabu. Kwa hiyo katika mtaa mzima unaokula kwa sababu ya kambi, hakuna hata mmoja aliyethubutu kutembea hatua thelathini akauliza.

Badala yake, kesho yake Ssalongo aliita kikao.

"Lisemwalo lipo," alisema, "na kama halipo, laja. Wenzetu wana watu wa kuwasemea kwa wakubwa. Baraza letu nalo litakuwa na wake."

Ndipo akamtambulisha Bwana Derrick, ambaye kazi yake ilikuwa kushawishi. Hakuuza kitu wala kutengeneza kitu. Alishawishi tu.

"Wazee wangu," Derrick alisema, "kambi hailindwi kwa bunduki. Inalindwa kwa maneno. Na mimi nawajua watu."

"Watu gani?" akauliza Mama Akello.

"Watu, nnyabo. Wale wenyewe."

Baba Furaha akainua mkono. "Ngojeni kwanza. Miye kule kwetu nilikimbia askari, mashine kichwani, mutoto mugongoni. Leo munataka nichange ili askari wasinikimbie?"

"Ndiyo," Ssalongo akamjibu.

"Ah! Mungu iko na mambo." Lakini akaahidi kushona bango.

Mama Akello hakuridhika. "Mzee, nani amesema kambi inahama?"

Macho yote yakanigeukia. Nikajibu kwa fahari, "Nimeona mwenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama."

"Umeona nini?"

"Magodoro."

Alifungua kinywa kuongeza neno, lakini Ssalongo akamkatiza: "Mama, wewe ni mke wa sajenti, una upande. Acha baraza liamue."

Baraza likaamua. Beberu alitolewa awe wa kufungulia milango ya wakubwa, na Derrick akaondoka kwa bodaboda akiwa amempakata kama mtoto wa kubatizwa. Walipokata kona, beberu alikuwa ameanza kutafuna tai.

Kwa wiki mbili nilifunga meza mapema ili nizunguke kukusanya sahihi za kuiomba serikali isiihamishe kambi. Derrick alikuwa akipiga simu. "Mambo yamefika juu," alisema. "Juu wapi?" tukauliza. "Juu, ssebo, juu kabisa." Hatimaye akatuagiza tukusanyike langoni Alhamisi asubuhi tuonyeshe mapenzi yetu, yeye angekuja na mkubwa mmoja na watu wa televisheni.

Alhamisi tukaenda, mtaa karibu wote. Bango la Baba Furaha lilisema KAMBI YETU USITUACHE, na herufi zake, banange, alikuwa amezikata katika vipande vilivyobaki vya kitambaa cha sare za jeshi, ambacho raia hatakiwi kukutwa nacho.

Mlinzi akatutazama. "Nyinyi mnaandamana?"

"Hapana, afande," Ssalongo akasema. "Tumekuja kwa mapenzi."

"Kibali ya mapenzi iko wapi?"

Ssalongo akampigia Derrick mbele yetu sote. Sauti ikasikika: "Niko njiani, mwenyekiti. Foleni ya Ntinda, si unaijua?" Simu ikakatika, na mpaka leo haijapatikana tena.

Kapteni akatoka. Alisoma bango, akazitazama zile herufi kwa muda mrefu kuliko zilivyostahili, na Baba Furaha akaanza kulikunja taratibu kama shuka.

"Nani amesema jeshi inahama?"

Mwanangu, sijawahi kuona vidole vingi namna ile vikielekea upande mmoja.

"Wewe, kijana ya chapati? Nani alikupa siri ya jeshi?"

"Niliona magodoro, afande," nikasema.

Kapteni akamtazama mlinzi. Mlinzi akatazama mawingu.

"Godoro ilikuwa na kunguni," kapteni akasema polepole. "Ilienda kupigwa dawa. Siku ya tatu ikarudi."

Yaliporudi sikuwapo mezani. Nilikuwa nikikusanya sahihi.

Watu wakaanza kucheka, na mimi nikataka kucheka nao, lakini kapteni hakucheka. "Mtu ya kutangaza safari ya jeshi hapa kwa lango yangu, simtaki. Kesho hii meza isiwe hapa."

Kicheko kikakauka. Akilini niliwaona wadogo zangu watatu wakirudi nyumbani na mabegi yao. Nikamtazama Ssalongo, naye akawa anatazama viatu vyake. Waliotia sahihi zote zile, hakuna aliyekohoa. Mtu wa kutusemea tulikuwa tumemlipa, na alikuwa Ntinda.

Mama Akello, aliyekuwa akimenya mihogo mezani pake kando ya lango, akaweka kisu chini. Akaishika meza yake ya mihogo, akaiburuta mpaka ikagusana na yangu.

"Afande," alisema, "huyu anasomesha watoto tatu. Ulimi yake ni ndefu, lakini mkono yake ni safi. Akirudia, ondoa meza yake na yangu pia."

"Unajua unasema nini, mama?"

"Najua. Na bwana yangu akiniuliza jioni, nitamjibu."

Kapteni akazitazama zile meza mbili zilizogusana. Mwishowe akasema, "Chapati ibaki. Maneno itoke."

Walipotawanyika, Mama Akello akanigeukia. "Kasozi, hatua thelathini! Zimekushinda hatua thelathini, ukatuma beberu mpaka Ntinda?"

"Lakini mama, askari haulizwi."

"Haulizwi aendako. Kunguni ni siri ya jeshi? Si ungeniuliza mimi? Nimejikuna mbele yako wiki nzima!"

Miezi ikapita, tukasikia kwamba siku zile zile Derrick alikuwa ameajiriwa pia na baraza moja la nje ya mji, lililotaka kambi ihamie kwao. Hao walimpa kondoo. Kwa hiyo mtu mmoja alilipwa kuzuia jambo na kulipwa kulileta, na jambo lenyewe halikuwapo. Simlaumu sana. Mlango nilimfungulia mimi.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu, jicho lako si shahidi wa kutosha ukiwa na hofu. Ukiona magodoro juu ya lori, sema umeona magodoro; usiseme umeona safari. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na wa kuulizwa mara nyingi ni jirani yako anayejikuna, wala hadai beberu. Na kabla hujakodi ulimi wa mtu wa mbali, tazama kwanza nani yuko karibu nawe asiyetoza kitu. Siku ya lango, huyo ndiye atakayekuwapo.

Wadogo zangu wote walimaliza shule. Sajenti alipostaafu, yeye na Mama Akello walirudi kwao Gulu. Mwaka juzi nilipanda basi nikampelekea gunia la unga wa ngano. Alilipokea, akanipikia chai, akacheka. "Hii ni zawadi," alisema. "Ile nyingine ni deni, na unga hailipi."

Mungu akupe jirani kama yule, mwanangu, akupe na masikio ya kumsikia kabla ya kikao kufungwa. Mimi aniongezee siku tu. Mama Akello hajawahi kupata shida inayohitaji mtu wa kusogeza meza yake, namshukuru Mungu kwa hilo, na deni langu bado liko palepale.