Kisahani Namba Sitini na Moja

Mimi nikisikia mtu anasifiwa roho ngumu, nauliza, kwani umekutana na Akoth? Tunafanya naye kazi maabara moja hapa Kitengela, na huu mwaka wa pili analisha kitu kilichomuua mumewe, Ondiek. Usifikirie uchawi. Ondiek aligongwa na pikipiki, kidonda cha mguu kikaoza, na kila antibiotiki aliyopewa ikashindwa. Baadaye hospitali ikatutumia bakteria wa vidonda tuwachunguze. Hatuandikiwi majina, ni namba tu, lakini Akoth aliona tarehe, akaona wadi, akajua. Sitini na moja.

Ondiek alizikwa kwao Siaya. Bakteria wake wako hai kwa friza yetu, na kazi ya Akoth ni kuwatoa, kuwapa chakula na kuwaweka kwa joto mpaka wajae kisahani. Nilimwambia aombe kazi ingine, akaniangalia vibaya.

"Nataka niwaone wakikufa," akasema.

Mwezi jana tukaanza kujaribu magome ya olkiloriti, ule mti Wamaasai huchemshia supu. Kisahani kimoja, vikaratasi vitatu: kimoja na antibiotiki, cha pili na maji ya magome, cha tatu na vyote viwili. Asubuhi tukafungua sitini na moja. Kwa dawa peke yake, bakteria wamejaa. Kwa magome peke yake, vilevile. Kando ya kikaratasi cha tatu hakukuwa na kitu, wote wamekufa. Mimi nikapiga makofi. Akoth akakaa chini kwa sakafu.

"Rafiki yangu Naisenya alimletea Ondiek hiyo supu wadi," akasema. "Kwa chupa ya chai, kutoka Bisil mpaka huku. Na daktari alikuwa amenikataza kuchanganya dawa na miti shamba. Nikaimwaga kwa sinki ikiwa bado moto."

Nilimwambia kisahani si mtu, na kitu kinaweza kufanya kazi hapo na kishindwe mwilini, na daktari hakukosea. Yote ni kweli, na hayakumsaidia hata kidogo. Alichukua rula, akapima upana wa ile sehemu tupu, akaandika milimita kumi na nane. Halafu akarudi kwa friza kutoa wengine, kwa sababu jaribio lazima lirudiwe mara tatu.

Magome yakaisha. Akoth akakataa kwenda, nikatumwa mimi. Naisenya huuza dawa za miti pale soko la mifugo, Bisil. Tukasalimiana, akanifungia magome kwa gunia, akaniuliza Akoth anaendeleaje.

"Anajikaza," nikasema.

"Mwambie asijilaumu. Tulijaribu yote. Mzee alikunywa supu yangu akamaliza, mimi mwenyewe niliona chupa imerudi tupu."

Nilirudi na gunia langu. Akoth aliponiuliza Naisenya alisema nini, nikamwambia, anakusalimia sana.