Macho Yasiyoonja

Kazi ya kwanza niliyopewa jikoni, nikiwa bado mtoto wa kupanda kigoda ili nifikie meza, ilikuwa kufunika. Jiko letu lilikuwa nje, na Gogo, mama yake baba, hakukubali ugali uvuke uwanja kwenda nyumba kubwa ukiwa wazi. Ugali ulifunikwa kwa bakuli, mboga kwa sahani, na mursik, maziwa yetu ya kugandisha, ilikaa ndani ya kibuyu chake mpaka mlango ufungwe. Tulikaa nje kidogo ya Eldoret, kwenye barabara ya kwenda Moiben, na mbele ya lango letu watu walipita kutwa nzima. Gogo aliwasalimia wote, akawauliza habari za ng'ombe na za watoto, lakini chakula chake hawakukiona.

Alinieleza sababu mara nyingi. Kuna watu, alisema, waliozaliwa na jicho. Si lazima wawe wabaya, wengine hata hawajijui. Ila mtu kama huyo akikitazama chakula chako akakitamani, hakitateremka kooni, na kikiteremka hakitakujenga. Dawa yake ilikuwa rahisi. Unamwita aliyetazama, unampa tonge la kwanza aonje, basi chakula kinakuwa salama. Kulikuwa na mzee mmoja jirani yetu aliyesemekana kuwa na jicho, na akitukuta tunakula nje Gogo alimkatia kipande cha ugali bila kuona haya. Mzee alionja, akasifu mboga, akaenda zake, nasi tukaendelea.

Mama hakuamini mambo hayo, lakini alikuwa mke wa nyumba hiyo, kwa hivyo alifunika. Baba aliendesha lori na nyumbani alikuwa kama mgeni. Aliyempinga Gogo waziwazi alikuwa kitinda mimba wake, Uncle Kibet, aliyekuwa anasoma chuo upande wa Kesses na kurudi nyumbani wikendi na nguo chafu. Nilimpenda sana. Nyumba yetu ilikuwa ya utani, na yeye ndiye aliyekuwa bingwa. Kila akija alimkumbusha Mama ule ugali wa kwanza aliopika baada ya kuolewa, mbichi katikati, ambao babu aliula wote kwa adabu halafu akaomba soda. Tulicheka kila mara utadhani ni habari mpya.

Mwaka mmoja Kibet alinunua simu yenye kamera nzuri, akaanza kumrekodi Gogo akipika. Gogo alimfukuza na mwiko, na kule kufukuzwa ndiko watu wa mtandaoni walikopenda. Kibet alitusomea maoni yao baada ya kula: kuna aliyetaka kuolewa boma letu kwa sababu ya mwiko ule tu, kuna aliyeomba Gogo akamchape mumewe. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Gogo mwenyewe hakucheka. Aliuliza hao watu ni wangapi, Kibet akamwambia ni wengi, hawahesabiki, wengine wako ng'ambo.

"Na wameona chakula?" Gogo akauliza.

"Wameona, Mama. Wanakisifu."

"Huyu jirani akiangalia, nitamwita aonje. Hawa wa simu nitawaita wapi?"

Hilo nalo Kibet alikuwa amelirekodi. Lilichekesha kuliko mengine yote.

Jumapili moja mchana, tumetoka kanisani, Mama alipika ugali na mboga ya managu iliyotiwa maziwa. Nilikuwa nakula sahani moja na Gogo, kama kawaida yetu. Alifinyanga tonge, akalichovya, akalitia mdomoni. Halafu akatulia. Mkono ukaenda kifuani, uso ukakunjika, macho yakamtoka, na alipofanikiwa kulitema lile tonge akaisukuma sahani mbali kama imemtukana. "Hiki chakula kimeangaliwa," akasema. Meza nzima ikaangua kicheko, mimi nikiwemo, kwa sababu uso ule ulichekesha kweli. Simu ya Kibet ilikuwa juu. Kufikia jioni, Gogo aliyekataa ugali alikuwa amezunguka Kenya nzima.

Kuanzia hapo alikula kidogo, kisha kidogo zaidi. Nyama alinipa mimi. Nilimwambia Mama kwamba Gogo ananipa nyama yote, Mama akasema ananiendekeza, nishukuru. Ugali akauacha kabisa, akabaki na uji na maziwa. Sisi tulidhani amenuna. Mama akaanza kumpikia mlango wa jiko ukiwa umefungwa, moshi ukimuumiza macho, ili mkwe wake aone kwamba hakuna anayetazama. Kibet akakatazwa kuingia na simu. Lakini hata chakula cha mlango kufungwa kilikwama palepale, na Gogo alitikisa kichwa bila kushangaa. Kwake yeye jambo lilikuwa limeeleweka zamani. Ndiyo maana hakutuambia kwamba anaumwa, maana hakuona kuwa anaumwa.

Kibet aliogopa kabla yetu. Alikuja siku ya katikati ya wiki, ameacha masomo, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake na kumwonyesha simu.

"Nimefuta yote, Mama. Angalia, hakuna kitu."

Gogo alitazama kioo kile kwa muda, ingawa bila miwani hakuweza kuona chochote.

"Na wale walioona, umewafuta?"

Kibet aliinuka. Alienda jikoni, akaleta sahani, akaonja yeye kwanza kama mwenye jicho, huku analia. Kisha akamkatia mama yake tonge dogo sana. Gogo alijaribu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na niliona jinsi alivyojaribu, kwa ajili ya mtoto wake wala si kwa sababu ya njaa. Tonge lilirudi. Alimshika Kibet kichwani, akamwambia si kosa lake, ni wengi mno.

Tulipomfikisha hospitali mjini alikuwa mwepesi kiasi kwamba Mama alimshusha garini peke yake. Daktari alisema njia ya chakula imezibwa na uvimbe, na kwamba uvimbe huo ulianza muda mrefu kabla. Alisema huku kwetu anawaona wengi wa namna hiyo, na karibu wote huletwa wakiwa wamechelewa. Akauliza kama hatukuona dalili. Mama alichoweza kusema ni kwamba tulidhani ni mambo ya macho. Wakamwekea Gogo mrija tumboni wa kupitishia uji, naye akauchukia, kwa sababu uji ule ulipita bila yeye kuuonja. Hakufika mavuno ya mahindi.

Sasa mimi ni mtu mzima na nafanya kazi mjini, na nimelipima jambo hili mara nyingi kuliko ninavyopenda. Simu haikumuua Gogo. Uvimbe ulikuwepo kabla ya kamera. Imani yake ilimdanganya, kama kicheko chetu kilivyotudanganya sisi, na vyote viwili vilimchelewesha. Lakini kuna kitu alikijua ambacho mimi nilichelewa kukijua. Watu wengi sana walimtazama Gogo akishindwa kumeza, na sisi tulikuwa wa mbele kabisa, na hakuna hata mmoja aliyeona mgonjwa. Kibet hadi leo hali mbele ya watu. Kwenye arusi huchukua sahani akaenda nyuma ya magari.

Juzi ofisini, saa ya chakula, dada mmoja mwenzangu alitaniwa kwenye kundi letu la simu kwamba amenenepa. Akajibu kwa stika. Ilikuwa ni Gogo: uso umekunjika, mkono kifuani, sahani inasukumwa, na juu yake wameandika, Diet imeanza leo. Wote wakacheka. Hata mimi, kabla sijamtambua vizuri, nilihisi kicheko kinaanza kuja. Nilipata hasira ambayo sikujua niitupe wapi. Yule dada hakuwa amekosa lolote. Stika aliipata mahali, na aliyempa aliipata mahali, na huko nyuma kabisa yuko kijana mmoja aliyempenda mama yake.

Nilifungua chakula changu, ugali na managu ya maziwa niliyopika asubuhi na kufunika kwa sahani, maana sijawahi kuacha kufunika. Nikakata kipande, nikachovya, nikampelekea yule dada pale mezani kwake.

"Onja kwanza," nikamwambia.

Alinishangaa kidogo, akaonja, akasema ni tamu, akauliza kama nimetia maziwa. Nikamwambia ndiyo, ni mapishi ya Gogo wangu. Kisha nikarudi kukaa na sahani yangu. Katika wote wale waliotazama, angalau huyo mmoja nimempata akaonja.